Nani Aliuwasha Mnara wa Ruhita?

Mwili wa mvuvi Ntwari ulifikishwa mwaloni, ufukwe wanakotia nanga wavuvi, saa moja asubuhi, umefunikwa turubai, wakati uleule mtumbwi wa wageni ulipogusa mchanga. Sajenti Jovitha alikuwa amechukua likizo fupi kutoka kituo cha Biharamulo ili aje kuuona mnara wa taa ulioachwa na Wajerumani kisiwani Ruhita, mnara ambao hata watu wengi wa Biharamulo hawajui kama upo. Alikuja kupumzika, akapokewa na kilio. Ndiyo bahati ya polisi: hata likizo yake ina marehemu.

Namna ya kifo haikuwa fumbo. Ntwari alikuwa akirudi kutoka Nyamirembe, ng'ambo ya ziwa, usiku, mvua ikinyesha, na mtumbwi wake ukavunjikia kwenye miamba iliyo chini ya mnara. Fumbo lilikuwa mnara wenyewe. Haukuwa umewaka tangu enzi za babu zao, lakini usiku ule uliwaka. Wavuvi waliuona, na usiku uliotangulia waliuona vilevile. Kisiwa kizima huwa na taa moja tu usiku, ile inayotundikwa mwaloni, upande wa pili. Ntwari aliona taa, akaifuata.

"Mwenye ufunguo wa mnara ni mmoja!" alifoka Wiston, mdogo wake marehemu, taulo shingoni, kope zimevimba kama za aliyelia usiku kucha. "Ni Abbasi! Na wiki iliyopita aligombana na kaka kwa ajili ya nyavu. Tunangoja nini? Tumtose alipomtosa mwenzake!"

Mzee Abbasi, mlinzi wa mnara, alikuwa ameketishwa mchangani, mikono imefungwa kwa kamba. Mama Kanyange, mama wa marehemu, alikuwa ameshamzaba kofi mbele ya watu, na hakuna aliyemzuia.

Jovitha alitoa kitambulisho. "Atakayemgusa tena mzee huyu, kesi yake naianza mimi. Nimeshapiga simu. Boti ya polisi itafika adhuhuri."

Walimtazama: mwanamke mmoja, bila sare, bila hata kirungu. Alijua kitambulisho hakizuii jiwe, na adhuhuri ilikuwa mbali. Akachuchumaa mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani aliuwasha mnara?"

"Sijui."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Hukumwazima mtu?"

Mzee alimtazama Mama Kanyange, kisha akainamisha kichwa. "Ufunguo ni wangu. Usiniulize zaidi, mwanangu."

Jibu hilo lilimkera Jovitha. Mwenye hatia hujitetea hadi mate yamkauke. Huyu alikuwa anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Alikuwapo mtu mwingine wa kuulizwa. Danstan, mtembeza wageni, njia nzima ndani ya mtumbwi alikuwa amewasimulia habari za mzimu wa Mjerumani unaowasha taa kisiwani. Jovitha alimvuta kando.

"Mzimu wako ulianza lini kazi?"

"Afande, yale ni maneno ya biashara! Jana asubuhi wavuvi waliofika Nyamirembe walisema wameona taa mnarani, nami nikatia chumvi. Wageni wanapenda."

"Na usiku wa jana ulikuwa wapi?"

"Si nyumba ileile ya wageni uliyolala wewe? Wewe ndiye uliyenigongea ukuta nipunguze redio!"

Kweli, alikuwa amegonga, tena kwa hasira. Akamwacha Danstan aende zake, akaomba ufunguo na kuelekea mnarani peke yake. Nyuma yake sauti ya Wiston ilizidi kupanda, na kila ilipopanda, yeye aliongeza mwendo.

Kufuli lilikuwa zima. Ngazi za chuma zililiwa na kutu, lakini kutu ya katikati ilikuwa imesuguliwa na nyayo za karibuni. Juu, kwenye roshani inayozunguka taa ya kale, palinuka petroli ya jenereta. Nyuma ya mlango paliegemezwa mabati mapya na waya wenye glopu kubwa. Na kwenye nyufa za sakafu yalikuwa yamenasa mabawa, ya kijani na ya kahawia, pamoja na vijiguu vyenye miiba.

Mtoto wa Kagera haulizi hayo ni mabawa ya nini. Ni Novemba, mvua zinanyesha. Washa taa kali, simamisha mabati, na panzi wa senene watakuja wenyewe, wajigonge kwenye bati na kuteleza hadi kwenye pipa. Mtu aliugeuza mnara wa Mjerumani kuwa mtego wa kitoweo. Jovitha alijikuta anataka kucheka, akakumbuka turubai kule chini.

Aliporudi, watu walikuwa wamekwisha kumsimamisha mzee.

"Mzee Abbasi," aliita kwa sauti ya kusikika na wote, "wewe unakula senene?"

"Astaghfirullahi! Wazee wangu walikuja bara na misafara ya pwani, tukala kila tulichopewa. Lakini panzi? Hapana!"

Mmoja au wawili walicheka bila kupenda. Jovitha hakucheka. "Wiston, toa hilo taulo shingoni."

"Niliunguzwa na uji."

"Uji gani unaounguza shingo na kope?"

Taulo lilipotoka, malengelenge yalionekana, yamejipanga mistari. "Taa ya senene huvuta na wadudu wadogo wekundu," alisema Jovitha. "Ukimponda mmoja kwenye ngozi, baada ya siku nzima unaungua hivyo. Hii si alama ya kilio. Ni ya usiku wa kwanza, ulipouwasha mnara. Na jana ukarudia."

Wiston alitazama miamba. Sauti iliyokuwa ikipasua anga ilibaki ndogo.

"Nilimpigia kaka simu. Nikamwambia senene ni wengi, kesho aniletee magunia. Sikumwambia nimewategea wapi, maana angenigombeza. Nilisema kesho, afande. Hakungoja kesho."

"Na Mzee Abbasi?"

"Mama aliuliza nani amefanya hivi. Nilishindwa kumtazama usoni. Nikataja jina la kwanza lililokuja."

Mama Kanyange alimgeukia mzee. "Ulijua?"

"Ufunguo nilimpa mimi mwenyewe, mama. Umepoteza mmoja usiku. Niseme, upoteze wa pili asubuhi?"

Mama alipiga magoti na kuifungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa kwa hasira, akalimaliza kwa meno. "Nisamehe, baba," alisema, akainuka.

Jovitha alimshika Wiston mkono. Kuua bila kukusudia, kumsingizia mtu uovu: sheria ilikuwa wazi, ila haikumpa raha yoyote. Kwa mbali mlio wa boti ya polisi, iliyowahi, ulianza kusikika.

"Mwambie dereva angoje," alisema Mama Kanyange.

"Angoje nini, mama?"

"Ntwari hana ndugu mwingine wa kumchimbia kaburi."

Jovitha aliutazama ule mwili chini ya turubai. Akaachia mkono. Mama alichukua jembe kwa jirani, akampa mwanawe.

"Chimba," alisema. "Halafu uende nao."