Aliyefutwa kwenye Kromu

Jumamosi ile Royce Hadley alikaanga mayai, akamimina kahawa, akaenda zake kukaa mbele ya kompyuta. Ndiyo starehe yake tangu astaafu ufundi wa viyoyozi pale New Jersey: kuijenga upya kwenye kompyuta migahawa ya zamani, ile mirefu kama behewa, yenye viti vyekundu na kuta za kromu, chuma king'aacho kama kioo. Wenzake wa rika lake huvua samaki. Yeye huhangaika na mng'ao wa chupa ya sukari.

Safari hii alikuwa akiujenga mgahawa wa Petrakis, uliobomolewa zamani, alikokutana na marehemu mkewe, Bernadine. Binti yao, Paulette, angepita mchana kuichukua picha, aitundike kwenye chakula cha kumkumbuka mama yake kesho yake.

Kromu ina ubishi wake. Kwenye kompyuta haing'ai mpaka uipe kitu cha kuakisi, kwa hiyo wapenzi wa mchezo huu hupiga picha ya chumba halisi, pande zote, wakaizungushia kazi yao. Alipoianza kazi hii, mkewe akiwa bado hai, Royce alikuwa amepiga chumba chao cha kulala, maana dirisha lake lina mwanga mzuri. Bernadine alikuwemo kitandani, mgonjwa. Gauni lake la kulalia la waridi likaitia kromu wekundu. Royce akamfuta. Alimfuta mkewe, akabakiza shuka.

Mchana wa siku ileile ya kumfuta, Bernadine aliita kutoka chumbani. "Royce! Njoo kidogo."

"Subiri, mpenzi, picha inamalizikia."

Aliita tena, kisha akanyamaza. Royce alipoinuka, alimkuta sakafuni, amekufa, mwili umeshapoa. Akamrudisha kitandani, akamfunika vizuri, na Paulette akaambiwa mama yake alifariki usingizini. Uongo huo ulimkaa Royce kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa, Jumamosi hii, picha ilikuwa ikijichora kipande kwa kipande. Paa. Taa. Kaunta. Ilipofika kwenye kromu ya kaunta, Royce aliacha kutafuna.

Ndani ya kromu kulikuwa na kitanda, na kitandani kulikuwa na mtu wa waridi.

Haraka akaitoa ile picha ya chumba, akaweka ya kiwanja kitupu cha kuegeshea magari. Akachora upya. Kiwanja hakikuonekana. Kitanda kilikuwepo. Mtu ameketi, kinywa wazi.

Akachora tena. Kitanda kitupu. Mtu yuko sakafuni, anatambaa, mkono ameunyoosha mbele.

"Bernie," alinong'ona, "nisamehe. Lakini leo usije. Mtoto anakuja."

Ndivyo alivyosema, na papo hapo akajichukia. Kumbe hakumwogopa mfu. Aliogopa kuumbuka.

"Unaongea na nani, Baba?"

Paulette alikuwa ameingia kwa ufunguo wake, amesimama nyuma ya kiti. "Jamani! Petrakis kabisa! Hata vile viti vilivyokuwa vinang'ang'ania mapaja ya watu!" Akainama, akicheka. Kicheko kikakatika. "Huyu ni Mama?"

Royce akaisogeza pembeni sahani ya mayai.

"Mbona yuko chini?"

"Aliniita," Royce alisema. "Nikamwambia asubiri."

"Asubiri nini?"

Akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hii."

Paulette alimtazama baba yake kama anayemtafuta mtu aliyemjua. "Uliniambia alilala tu."

"Nilimwinua mimi. Nikamfunika."

Paulette akachukua mkoba wake. "Kesho usije, Baba." Aliufunga mlango wa mbele polepole sana, na Royce angeshukuru kama angeubamiza.

Alipogeukia kioo, kromu ilikuwa safi. Viti. Chupa ya sukari. Hakuna kitanda. Hakuna mtu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na hakuwa na wa kumpa.

Akataka kusimama. Mguu ukagoma.

Kitu kilikuwa kimeubana kwa nyuma, juu ya kifundo. Baridi. Kikabana zaidi, kisha kikaachia.

Royce hakutazama chini ya kiti. Alikaa hivyo muda mrefu, machozi yakimtiririka, ndipo akapandisha suruali. Alama za vidole vitano vyembamba zilikuwa zimebonyea kwenye ngozi, moja ikiwa na mstari wa pete.

Alama zile hazijafutika mpaka leo. Royce huvaa soksi ndefu hata kiangazi.