Kikwembe Nyuma ya Mlango

Jambo moja lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku, nami sikuliona: mama yangu hakuwa akimweka mdogo wangu chini. Nilimwona Tuyizere mgongoni mwake asubuhi alipowasha moto, nikamwona mgongoni mwake shambani alipopalilia maharagwe, na jioni, niliporudi kutoka kuchota maji, nilimkuta pale pale, shavu lake limelalia kikwembe cha kijani alichofungiwa. Nilidhani hivyo ndivyo akina mama wote wa Kibabi wanavyowapenda watoto wao.

Tulikuwa tumerudi Kibabi mwanzoni mwa mvua, baada ya kuishi kambini Lushebere kwa miezi mingi. Tuyizere alikuwa mchanga kabisa tulipokimbia milio ya risasi. Tuliporudi alikuwa mtoto wa miezi tisa, mwenye mashavu manene na kicheko ambacho baba yangu, Papa Habineza, alikitafuta kila jioni kabla hata ya kuvua viatu vyake vya matope. Alijifanya mbuzi, akalia “mee!” karibu na sikio la mtoto, na Tuyizere alicheka mpaka akapata kwikwi. Kuta za nyumba yetu zilihitaji kukandikwa upya na shamba lilikuwa limejaa magugu, lakini kicheko kile kilitufanya tujione tumefika kwetu.

Alasiri moja rafiki yangu Bénédicte alikuja kutoka nyumba ya jirani pamoja na mdogo wake, Patient, aliyezaliwa wiki chache baada ya Tuyizere. Patient alitambaa uani nyuma ya kuku wetu, magoti yakiwa mekundu kwa udongo. Mama alikuwa amenipa Tuyizere nimshike kidogo ili apakue chakula. Nilimkalisha kwenye mkeka. Aliinama mbele, kisha akaanguka ubavu.

“Angalia!” Bénédicte alicheka. “Mutoto wenu iko kama mufuko ya maharagi. Ukimukalisha, anaanguka!”

“Na wenu iko kama paka,” nilimjibu. “Kesho atakula kuku na manyoya yake.”

Tulicheka wote wawili, lakini kicheko changu kilikatika mapema. Nilimkalisha tena, naye akaanguka tena. Hakulia. Alinitazama tu, kana kwamba ananiuliza mgongo wa mama umekwenda wapi. Mara mama akatoka jikoni kwa haraka, akamnyanyua.

“Juu ya nini unamuweka chini, Noëlla?” Alitaka sababu.

“Nilitaka tu acheze na Patient.”

“Udongo iko baridi.”

Jua lilikuwa kali na mkeka ulikuwa umepata joto. Tangu saa ile nilianza kumtazama mama kwa makini. Alikula akiwa amesimama. Alifagia, akafua, akamenya mihogo, na mtoto hakutoka mgongoni.

Siku ya kupima watoto ilipofika, nilimsindikiza mama kwenye kituo cha afya. Muuguzi, Mama Dorothée, alimning’iniza Tuyizere kwenye mizani, akaridhika na uzito wake. Alitikisa funguo nyuma ya kichwa chake, na mtoto akageuka. Alipitisha kalamu mbele ya macho yake, na mtoto akaifuata, kisha akajaribu kuila. Mwishowe muuguzi alimkalisha juu ya meza. Tuyizere aliangukia mkononi mwake.

“Mama Noëlla, ku nyumba mutoto anachezaka chini?”

“Ndiyo,” mama alijibu, akitazama dirisha. “Anachezaka.”

Mama Dorothée alikunja uso kwa wasiwasi. “Kama anacheza chini na hajakaa, lazima tumutume ku hopitali kubwa. Ba muganga baangalie mifupa na nyama ya mwili.”

Kwetu mtoto hampingi mama yake mbele ya watu, nami nilimpenda mama na sikutaka aone haya. Hata hivyo, ikiwa ningenyamaza, wangetafuta ndani ya mwili wa Tuyizere ugonjwa ambao huenda haukuwapo. Nilimshika mama mkono kwanza, ndipo nikasema.

“Mama, unisamehe. Mama muganga, Tuyizere hachezake chini. Iko mu mugongo siku yote.”

Mama aliinamisha kichwa. Mama Dorothée hakumkemea. Aliweka kalamu mezani, akavuta kiti chake karibu na chetu.

“Mama, siko nakuhukumu. Uniambie tu, juu ya nini?”

Vidole vya mama vilikunja na kukunjua pindo la kikwembe.

“Ile siku tulikimbia, nilikuwa nimemulalisha ku mukeka. Risasi zikalia. Nikabeba sufuria, nikamushika Noëlla mukono, nikatoka. Sufuria, mama muganga! Tulifika ku migomba ya jirani, njo nikasikia mugongo yangu iko mwepesi.”

Nilikumbuka migomba ile. Pale ndipo mama alipouachia mkono wangu na kuniambia nimfuate baba. Siku zote nilidhani alirudi kuchukua nguo.

“Ulirudi,” Mama Dorothée alisema taratibu. “Na mutoto iko hapa, ananikulia kalamu.”

Mama alicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

“Sikia,” muuguzi aliendelea. “Anasikia, anaona, miguu yake iko na nguvu. Kila mutoto na wakati wake. Lakini kujipindua, kukaa na kutambaa, mutoto anajifunziaka chini. Umuweke ku mukeka mara mingi mu siku, na mutu akae karibu yake. Kumubeba si mubaya, ila asikae mu mugongo siku yote. Ku kipimo yenye kuja nitamuangalia tena. Kama hajabadilika, hapo njo tutamutuma ku hopitali.”

Njiani mama alitembea mbele yangu, nami nilidhani amenikasirikia. Tulipofika nyumbani alitandika mkeka mwenyewe, akamlaza Tuyizere, akarudi jikoni. Sikuwa nimemaliza kuosha sahani nilipomwona amemfunga tena mgongoni. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anajaribu kweli, lakini mikono yake ilimkataza.

Jioni baba aliweka jembe ukutani, akakaa karibu na mama. “Libérata, unaogopa nini? Kwamba ataanguka?”

“Naogopa mukono yangu itashika tena sufuria.”

Baba hakucheka. Alifikiri kwanza. “Basi tugawane. Kukitokea kitu, mimi nitabeba chakula. Wewe utabeba blanketi. Tuyizere iko wa Noëlla. Na sufuria tunaiacha.”

“Hata ile ya mama yako?”

“Ile njo ya kwanza kuiacha. Inaunguzaka ugali.”

Mama alitabasamu, kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira machoni, alikuwa akinipima. “Utaweza?”

“Nitaweza, Mama.”

Kuanzia kesho yake alinifundisha kufunga kikwembe kama anavyofunga yeye: kuinama, kumtelezesha mtoto mgongoni, kuvuta ncha mbili zibane, kufunga fundo juu ya kifua. Alinirudisha mwanzo mara nyingi mno, hata Tuyizere akadhani ni mchezo na kuanza kucheka kila niliponyanyua kitambaa. Kila nilipotoka shuleni, nilikaa naye kwenye mkeka. Nilimwekea gunia lililokunjwa nyuma ya kiuno, nikampa gunzi la muhindi alichezee. Mwanzoni mama alikuja kutuchungulia kila wakati. Baadaye alifika mpaka ukingo wa shamba, akatutazama kutoka huko, akaendelea kulima.

Ndipo siku moja, mama akiwa shambani chini ya nyumba, mshindo mkubwa ulisikika barabarani, kisha mwingine. Sikufikiri. Niliinama, nikamtelezesha Tuyizere mgongoni, nikavuta, nikafunga. Nilipofika mlangoni, mama alikuwa akipanda mteremko mbio, mikono mitupu, kilemba kimemvuka kichwani.

“Mutoto!”

“Huyu, Mama. Iko hapa.”

Alinizunguka, akamshika mtoto miguu yote miwili. Kutoka barabarani tukasikia sauti ya Papa Jean-Claude, anayesafirisha mbao kwa chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kusukuma.

“Wee mbao, munataka kuniua?” alifoka. “Kamba mupya, na bado munaanguka!”

Zilikuwa mbao tu. Mama aliketi kizingitini na kucheka mpaka mabega yakamtetemeka. Alipotulia, alilifungua fundo la kikwembe kifuani mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akamchukua Tuyizere, akamkalisha kwenye mkeka, akarudi nyuma hatua moja. Lile gunia lilikuwa limesukumwa kando, wala hakuna aliyelirudisha. Tuyizere aliyumba kulia, akaweka kiganja chini, akajisawazisha. Kisha akaliokota gunzi lake na kulipiga kwenye mkeka, akiwa amekaa.

Tuliogopa hata kumpigia makofi asije akashtuka.

“Ile siku ku kipimo uliniumiza kidogo, Noëlla,” mama alisema baadaye, macho yake yakiwa bado kwa mtoto. “Lakini ungenyamaza, wangetafuta ugonjwa mu mutoto, na kumbe woga ilikuwa mu mimi. Ukweli ukiisema na heshima, kwa mutu mwenye anaweza kusaidia, hauharibu jina ya muzazi. Inaponyesha nyumba. Ukumbuke hivyo, hata ukiwa mukubwa.”

Kwenye kipimo kilichofuata, Tuyizere alikaa peke yake juu ya meza ya Mama Dorothée na kumnyang’anya kalamu. Hatukuhitaji kwenda hospitali kubwa. Tangu wiki ya mbao zile, mchana kikwembe cha kijani hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo kila mmoja wetu anaweza kukifikia, na Tuyizere hucheza chini.