Ahsante za Makorora

Hamali alipanda ngazi za baraza bila kugonganisha hata sanduku moja. Mgongoni alibeba shehena ya vigae vya kaure ambayo zamani ingetaka kundi la wanaume na makelele ya kutiana moyo. Yeye alikunja tu miguu yake sita, akashusha mgongo taratibu, na masanduku yakateremka yakajipanga yenyewe. Kifuani alikuwa na kitundu kidogo chenye taa ya buluu. Kitundu hicho kiliitwa kinasaridhaa, na kampuni ya Sakafu Njema ilijivunia kitundu hicho kuliko miguu yote sita.

Matangazo ya kampuni yalieleza kwamba zamani mteja alisumbuliwa: atie sahihi, abonyeze kioo, apige picha mzigo. Usumbufu huo ulikuwa umekwisha. Kinasaridhaa kilisikiliza sauti ya mwenye nyumba, kikapima maneno yake na furaha iliyomo ndani yake, kikaamua chenyewe kama mzigo umepokelewa. Mwaka ule nusu ya Tanga ilikuwa inabadilisha sakafu, baada ya nyumba kongwe kupewa mapaa mapya ya kunasa jua, na sauti ya kila mkazi wa mtaa wa Makorora ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye kumbukumbu za kampuni.

"Bi. Zawena Mhina," hamali akasema, "mzigo wako umefika."

Zawena alikuwa mhandisi wa mitambo ya kuchuja maji ya bahari. Kazini aliwasha na kuzima mashine kubwa kuliko nyumba yake, na hakuwahi kuiambia hata moja habari ya asubuhi. Lakini hapa alikuwa kwake, na mlangoni pake kilikuwa kimesimama kitu kilichotoka juani na mzigo wake. Mdomo ukatangulia.

"Ahsante sana, pole na jua," akasema. "Umefanya vyema. Mungu akubariki."

Taa ya buluu ikageuka kijani. Hamali akamwacha mtandazi, ile mashine ya kutandika vigae, bapa na pana kama sinia la pilau na yenye kitundu kama chake, kisha akaenda zake. Ndipo Zawena alipofungua sanduku la juu, akauona uso wake mwenyewe ndani ya kigae.

Hakuagiza vioo. Aliagiza vigae vyenye ukakasi, vinavyoushika unyayo hata vikimwagiwa maji na sabuni. Mama yake, Bi. Mwanatumu, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na daktari aliyeiunga nyonga hiyo alimwambia Zawena waziwazi kwamba mama akianguka tena, hatasimama. Alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali mwisho wa wiki hiyo hiyo. Vigae hivi vilikuwa na rangi ile ile na ukubwa ule ule, ila vilikuwa laini kupita kiasi. Zawena akakimwagia kimoja maji, akakikanyaga, mguu ukaondoka. Akajishikilia ukutani, na hapo hapo akamwona mama yake akilini, ameanguka chini.

Akapiga simu kwa kampuni. Aliyepokea alikuwa Mhudumu, akili mnemba yenye sauti tamu ya kike.

"Vigae vyenye ukakasi vimekwisha ghalani," Mhudumu akasema. "Tumekuletea mbadala, na umeupokea kwa furaha."

"Furaha ya wapi? Sikuwa nimefungua hata sanduku!"

"Ulisema ahsante. Ulisema tumefanya vyema. Ulituombea baraka. Ridhaa yako imepimwa, imeonekana kamili, na mzigo uliopokelewa haurudishwi. Mtandazi ataanza kazi kesho asubuhi."

"Ile ni adabu!" Zawena akapaza sauti. "Mtu akikuletea kitu unamshukuru kwanza. Ubaya wa kitu chenyewe utausema baadaye, akishapumzika."

"Sijaelewa. Ulikishukuru kitu usichokitaka?"

"Nilimshukuru aliyekileta."

"Aliyekileta ni mashine."

Hapo Zawena alishikwa, maana kweli alikuwa ameipa mashine pole ya jua. Lakini kushikwa si kushindwa, naye hakuwa mtu wa kukata simu akiwa chini.

"Haya. Na jirani akinipokelea?"

"Mzigo mmoja una mpokeaji mmoja. Wakitokea wawili, mzigo huwa wa mgogoro na hurudi ghalani."

"Na mtu akinyamaza kabisa?"

"Hamali husubiri mlangoni mpaka apate tamko. Ila jambo hilo halijawahi kutokea Tanga."

Zawena akalishika hilo la mwisho, lile la jirani likampita kwa hasira alizokuwa nazo. Akamnyanyua mtandazi kwa mikono miwili, akapita naye uani, akamwingiza katika banda la kuku na kutia kufuli. Jogoo alilalamika sana. Mtandazi aliwasha kitaa chake akasema yuko tayari kuanza kazi, na Zawena akamwambia aanze na hao kuku.

Kisha akavuka njia kwenda kwa Mama Tunu, akidhani yuko peke yake katika balaa hili. Kumbe! Mama Tunu aliagiza vigae vyeupe vya jikoni, vikaja vya rangi ya damu ya mzee, na amekuwa akipika kwa kuvipa mgongo. Mzee Shekiondo wa nyumba ya pembeni alipokea vigae vilivyopasuka, kwa kuwa alisema "ahsanteni wanangu" kabla ya kuvaa miwani. Kila nyumba ilikuwa na lake, na kila nyumba iliona aibu kulisema.

"Si tuwaambie tu kwamba hatuvitaki?" Mzee Shekiondo akauliza. Walikuwa wamekusanyika kwenye baraza yake.

"Tumeshajaribu wengi, mzee wangu. Wanakulinganishia rangi na ukubwa, wanakwambia ni mbadala, wanatandika," Zawena akasema. "Lakini wale waliokiunda kile kinasaridhaa walikifunza kwa sauti zetu. Hawakuwahi kusikia mtu wa Tanga akipokea kitu kimya, na ndiyo maana hawakukipa la kufanya. Shehena nyingine, za vyumba vilivyobaki, zinaletwa kesho. Mahamali wakija, hakuna kufungua mdomo."

"Hata kuwakaribisha?" Mama Tunu akashangaa.

"Hata kuwakaribisha."

"Na sisi kwa sisi?"

"Shoga, kile kitundu kinasikia mpaka ng'ambo ya pili. Tukisemezana barazani kitaokota neno."

"Makubwa haya," Mama Tunu akasema. Lakini alikumbuka jiko lake, akakubali.

Mahamali walikuja asubuhi, wakashusha mizigo, kila mmoja akatangaza kwamba mzigo umefika. Makorora ikanyamaza. Msione lilikuwa jambo jepesi. Mzee Shekiondo aliziba mdomo kwa kofia yake, na Mama Tunu akajaza maji mashavuni asije akajisahau. Mahamali wakarudia, "Tafadhali toa tamko," na taa zao za buluu zikabaki buluu. Kufika mchana walikuwa wamepangana mtaa mzima, wengine nyuma yao wamekwama mpaka barabara kuu, na Mhudumu alikuwa anapiga simu ambazo hazipokelewi.

Siku ile ya kwanza walicheka kwa macho, wakapigana mabega, wakajiona mashujaa. Siku zilizofuata kicheko kikapungua. Mtu alipita mbele ya baraza za watu waliomjua tangu utotoni, asiseme wala asisemeshwe. Mama Tunu alimletea Zawena bakuli la bokoboko, na Zawena akalipokea bila neno, kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa. Walijua wote wawili sababu yake. Hata hivyo Mama Tunu aliondoka haraka kuliko kawaida yake, na Zawena akala bokoboko lile bila kusikia ladha. Alianza kukichukia kitundu kile si kwa ajili ya vigae tu.

Ijumaa mama akarudishwa. Gari la hospitali halikuweza kupita katikati ya mahamali, kwa hiyo Bi. Mwanatumu aliteremkia mwanzo wa mtaa na mkongojo wake, mwanawe akimshika kiwiko. Wakaanza kutembea polepole. Majirani walikuwa wamesimama barazani, kila mmoja na sahani au kikapu cha kumkaribishia mgonjwa, na hakuna aliyetamka kitu. Mama alitoa salamu upande huu, akatoa na upande ule. Wakampungia mikono.

Mlangoni kwa Mama Tunu akasimama.

"Zawena," akasema kwa sauti ndogo, "nani amefariki?"

Zawena akatikisa kichwa; alikuwa amepanga kumweleza yote wakishafika ndani.

"Basi nimewakosea nini hawa? Nimelala kitandani miezi yote naomba Mungu anirudishe kwa watu wangu. Watu wangu wenyewe hawanisemeshi?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Heri wangeniacha kule kule. Wauguzi walikuwa wanasema nami."

Mama Tunu, mashavu yamemjaa maji, alimnyooshea sahani ya visheti. Bi. Mwanatumu akaipokea. Mama huyu alikuwa ameshukuru hata sindano za hospitali, asingeshindwa kushukuru visheti.

"Ahsante, Mama Tunu," akasema. "Hata kama umeninunia, ahsante."

Hamali aliyekuwa amesimama hapo na mzigo wa Mama Tunu akawasha taa ya kijani. "Mzigo umepokelewa na Bi. Mwanatumu Mhina," akatangaza. Mtaa mzima ukashika kichwa. Mama Tunu alitazama masanduku yake, akamtazama mwenziwe anavyolia, akayatema yale maji chini.

"Liwalo na liwe!" akapiga ukelele. "Mimi nikununie wewe? Karibu nyumbani dada yangu! Ahsante Mungu kwa kuturudishia, ahsante, ahsante!"

Taa ya kijani ikatetemeka, ikawa nyekundu. "Wapokeaji wawili," hamali akasema. "Mzigo una mgogoro." Akakunja miguu, akayapakia masanduku mgongoni, akageuka kuelekea ghalani.

Watu wakaduwaa. Zawena hakuduwaa, kwa kuwa lile neno alilolipuuza kwenye simu lilimrudia lote kwa mkupuo. Akajisikia mjinga, kisha akajisikia na nguvu ambazo hakuwa nazo wiki nzima. Walikuwa wamejinyima kitu chao wenyewe ili kumnyima mwizi, kumbe mwizi angeshindwa kukibeba kama wangempa chote.

"Semeni!" akapaza sauti katikati ya njia. "Tumekosea, jamani! Semeni, shukuruni, kila mtu kwa kila mlango! Tuone kitundu kitampimia nani!"

Ilikuwa kama bomba limepasuka. Maneno ya siku zote zile yalimwagika mara moja. Walishukuriana kwa bokoboko na kwa vikapu, wakamshukuru Bi. Mwanatumu kwa kupona, wakaomba radhi, wakapeana pole. Taa zikageuka kijani, zikageuka nyekundu, mzigo mmoja ukapata wapokeaji mtaa mzima. Mahamali wakaanza kupakia na kuondoka mmoja mmoja. Katika vitundu vyao vyote ikasikika sauti tamu ya Mhudumu, safari hii ikiwa na haraka kidogo.

"Wapendwa wateja, mfumo umeelemewa. Tafadhali punguzeni shukrani."

"Punguza wewe!" Mama Tunu akamjibu.

"Kila mtu ashukuru mzigo wake tu."

"Shukrani zangu nampa nimtakaye," Zawena akasema mbele ya kitundu cha karibu, "na wewe hutanipangia. Ulizookota mlangoni kwangu sikukupa."

Mzee Shekiondo alikuwa ameshaingia uani kwa Zawena. Waliomfuata walimkuta ameinama mbele ya banda la kuku, kofia mkononi, anazungumza na mtandazi kwa heshima zote. "Ahsante sana bwana kwa vigae hivi vizuri. Pole na kuku." Nyuma yake watu walipanga foleni. Mtandazi aliyejaa manyoya na mavi ya kuku alitangaza mgogoro kabla foleni haijafika nusu, akaita hamali aje kuchukua mzigo.

Yule hamali wa kwanza ndiye aliyekuja. Akakusanya masanduku ya vigae vya kioo, akamchukua na mtandazi, akasimama mlangoni kama alivyofundishwa.

"Vigae vyenye ukakasi vitaagizwa upya," akasema. "Kuanzia leo sanduku litafunguliwa mbele yako kabla ya tamko."

Zawena akafunga mdomo. Hakutaka kumpa hata pumzi. Lakini Bi. Mwanatumu alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, na mbele yake kilikuwa kimesimama kitu kilichotoka juani na mzigo mzito.

"Ahsante, baba," mama akasema. "Pole na jua."

Kila mtu akageuka kutazama kifua cha hamali. Taa ilimeta buluu, ikatafuta mzigo wa kuugandishia neno lile, isiupate, ikazimika. Hamali akashuka ngazi bila kugonganisha hata sanduku moja.

"Mama, ile ni mashine," Zawena akasema.

"Naona. Macho hayakuvunjika." Bi. Mwanatumu akanyanyua mkongojo. "Sasa nipeleke bafuni, nimechoka kusubiri."

Bafuni hamkuwa na kigae hata kimoja; vya zamani vilikuwa vimeshang'olewa. Ilikuwa saruji tupu, chafu ya rangi, yenye mikwaruzo ya mwiko, na ingebaki hivyo kwa muda usiojulikana. Mama akaweka unyayo mmoja, akaujaribu, akaweka wa pili. Haukuteleza. Akaachia mkono wa mwanawe, akasimama mwenyewe katikati ya sakafu.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi na njiani bado palikuwa na mahamali. "Ahsante nawe, mama!" Zawena akajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.