Udongo wa Tanuru ya Sidonie

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika watu asubuhi ile Octave alipogonga gunia la unga wa ngano kwa baiskeli yake. Gunia lilipasuka, na wingu jeupe likamfunika Sidonie kuanzia kitambaa chake cha manjano hadi viatu alivyopewa na masista waliomfundisha kuoka mikate.

"Mama yangu! Unga wangu!"

"Pole, dada. Ona, sasa umekuwa muzungu."

"Muzungu wa nani? Okota!"

Wauza mihogo wakaangua kicheko. Octave alichutama akakomba unga kwa viganja. Sidonie, ambaye kwa kawaida hakuthubutu kumtazama kijana usoni, alijikuta anamsimulia mpango wake bila kuulizwa. Mikate ya Kasongo ilitoka Kindu, ikifika imekauka kama ubao. Yeye ataoka hapahapa, na unga atauumua kwa tembo la mchikichi. Ruhusa ya serikali anayo, na kiwanja anacho kwenye njia ya Kabambare. Imebaki tanuru tu.

"Miye ni fundi wa matofali," Octave alisema. "Lakini tanuru ya mukate inataka udongo wa kichuguu. Udongo mwingine unapasuka."

Kichuguu kilikuwepo, kikubwa kama kibanda, nyuma ya kiwanja chenyewe.

Tangu hapo kijana alipita kwao kila jioni, shati limepigwa pasi, nywele zinanukia mafuta ya mawese.

"Mama Mukate iko?"

"Mama Mukate hana bwana. Usimuite mama."

"Basi tumutafutie bwana."

Walipanga pamoja mahali pa meza, pa kuni na pa dirisha la kuuzia. Lakini kila Sidonie alipouliza watachimba lini, Octave alitazama mawingu.

"Bado kidogo, mupenzi."

Shangazi yake Sidonie, Cécilia, alicheka kwa pua. "Mwanaume wa bado-bado ana mwingine kijiji cha Wamaza."

Neno lile lilimchoma. Kesho yake Sidonie alijifunga kitenge kiunoni, akachukua jembe, akaanza kuchimba mwenyewe.

"Sidonie! Acha!"

Octave aliitupa baiskeli chini. Nyuma yake alisimama mama yake, Mama Régina, na mzigo wa majani ya mgomba kichwani. Mama aliutua mzigo, akalitazama shimo.

"Hiki ni kichuguu cha mama," Octave alinong'ona, kama anayeogopa kichuguu kitamsikia. "Kila mwaka anangojea kumbikumbi hapa. Ukichimba mbele hawajaruka, unawaua."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu kumbikumbi hawatajwi mbele ya kuruka. Ukiwataja, wanatokea kwa jirani. Kila mutu anajua!"

"Miye nililelewa misheni, Octave. Nani angenifundisha? Nilikuuliza kila siku!"

Octave aliinua baiskeli, akaenda zake. Sidonie aliona tanuru yake na mapenzi yake vikiondoka kwa njia moja. Akapiga magoti.

"Mama, unisamehe. Nifanye nini?"

"Kichuguu hakiponi kwa machozi," Mama Régina alisema. "Lete maji."

Walikanda udongo, wakaziba shimo, wakajenga kichanja cha majani juu yake. Siku zilizofuata Sidonie alikwenda kuangalia na mama, wote wawili wakizungumza habari za mihogo, za ubatizo, za kila kitu isipokuwa kile walichokingojea.

Mvua kubwa ilipokatika alasiri moja, ule upande usioguswa ukaanza kutoa mabawa. Yalikuwa machache, kisha yakawa moshi mzima. Vyungu walivyotega vilijaa. Sidonie alipiga kelele, mabawa yamemnasa kwenye nyusi na shingoni, na Mama Régina akacheka hata akaketi chini.

"Octave!" mama aliita kuelekea njiani. "Toka kwenye majani hayo! Kichuguu kimezaa. Chukua jembe, mujengee bibi yako tanuru."

Octave alitokea, suruali imelowa. Alisimama mbele ya Sidonie kama aliyeitwa na padri.

"Nilikukimbia kwa haya, si kwa hasira," alisema polepole. "Kosa lilikuwa langu. Tanuru nitajenga. Na nyuma yake nataka kujenga nyumba ya watu wawili, ukikubali."

Sidonie aliinamisha uso. Kisha akanyoosha mkono uliojaa tope, akaonyesha upande wa mapambazuko.

"Mulango uweke huku, mume wangu. Mutu wa mikate anaamka mapema."