Likizo Si Kuacha Kazi

Cheptanui alifunga maua ya waridi katika shamba moja karibu na Kamere, na kwa kazi hiyo hakuna aliyempita. Sasa mimba ilikuwa ya miezi minane. Asubuhi moja alimwendea msimamizi, Kihara. Akaona amsemeshe Kizungu, aonekane wa maana.

"Sir, I want to leave. For baby."

"Okay. Leave," Kihara akajibu, akicheka kidogo.

Kesho yake bawabu akamzuia getini. "Mathe, pole. Kihara anasema ulitaka kuacha kazi. Ameshaleta mtu mwingine."

Cheptanui akaenda mbio kwa jirani yake, Nanyama, mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa analia kwa hasira.

"Mwalimu, niliomba liv tu, likizo ya kujifungua! Sasa mtoto atakula nini?"

"Uliomba ukisemaje?"

Akamwambia. Mwalimu akashika kichwa. "Aii! 'Leave' ni maneno mawili. Moja ni likizo. Lilitokana na neno la kale la ruhusa. Lingine ni kitendo: kuondoka, kuacha. Hilo zamani lilimaanisha kubakiza kitu nyuma. Yalizaliwa mbalimbali, yakaja kufanana sauti. Kama sisi: kuna kaa kitini, na kuna kaa la moto."

"Basi Kihara amenikalisha kwenye la moto! Kwani hakuona hili tumbo?"

"Aliona sana. Lakini sheria ya Kenya iko wazi. Mama anayejifungua ana likizo ya miezi mitatu, kwa mshahara kamili, kisha anarudi kazini. Unamwandikia mwajiri mapema. Na hufukuzwi kwa sababu ya mimba. Wakikataa, kuna ofisi ya leba, ya kutetea wafanyakazi."

"Niandikie sasa hivi, mwalimu. Kwa Kiswahili."

Mwalimu akaandika, wakaenda pamoja shambani. Kihara akaanza tena, "But you said..."

"Hapana!" Cheptanui akasimama wima, tumbo mbele. "Leo ni Kiswahili. Hata hii ni lugha ya serikali. Kizungu chako kinanichanganya makusudi. Kiswahili changu kina maneno mawili, na hayafanani hata kidogo. Nachukua likizo. Siachi kazi. Barua ndiyo hii. Ukikataa, tuonane ofisi ya leba, ukawaeleze ulidhani nimebeba nini hapa."

Wanawake waliokuwa wakifunga maua wakaacha kazi. "Mwambie!" mmoja akapaza sauti. Meneja akatoka ofisini kuona kelele ni ya nini. Akasoma barua, akamtazama Kihara, akaitia sahihi.

Cheptanui alijifungua salama, mtoto wa kike. Mshahara wake uliingia kila mwezi, bila kupungua hata ndururu. Wenzake wawili wenye mimba nao wakaandika barua zao, kwa Kiswahili.

Miezi mitatu ilipokwisha, aliingia kazini, akavaa aproni. Kihara akamkuta akipanga waridi.

"Umerudi?"

"Kwani niliacha?" akajibu, bila kuinua macho.