Mkate wa Kumi

Kila Jumamosi Kasuku aliamshwa na harufu ya hamira. Mama yake alikuwa mwoka mikate, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na meza moja ndefu, magunia mawili ya unga na mlango wa kuelekea uani, kwenye tanuri la matofali. Kazi ya Kasuku ilikuwa kupaka mafuta makopo ya kuokea na kuhesabu mikate inayotoka. Mama alikanda, akaukata kila mkate chale tatu juu kwa wembe, kisha akauoka. Mtaa mzima ulizijua chale hizo.

Kila mkate wa kumi uliwekwa kwenye rafu ya peke yake, juu ya kitambaa cheupe. Huo haukuuzwa, wala haukuliwa hata aje mgeni wa namna gani. Ulikuwa fungu la kumi. Jioni Kasuku aliibeba mikate hiyo, minane kila Jumamosi, kwenye kikapu hadi kanisani, na mzee wa kanisa akaipokea bila kutabasamu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutabasamu.

Jina la Kasuku alipewa na shangazi yake, maana kila alichokisikia kwa watu wazima alikirudia neno kwa neno. Na aliyemsikiliza kuliko wote ni Baba Mkubwa, kaka wa baba yake, mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Huyo alikuwa fundi hodari wa kupiga domo. Kila Jumapili alifika kwao, akavuta kiti, akala mikate miwili ambayo hakuilipia, kisha akaanza.

"Mmeviona vipaza sauti vipya vya kanisa? Vinne! Kwani Mungu amekuwa kiziwi?" Alicheka peke yake hadi machozi. "Mimi hawanipati. Fungu langu la kumi nawapa wahitaji, moja kwa moja, mkono kwa mkono."

Wahitaji hao hakuna aliyewahi kuwaona. Baba Mkubwa alikuwa na mkono wa birika, na hata salamu aliitoa nusu. Lakini Kasuku, mwenye miaka kumi na miwili na akili ya kuazima, aliyameza maneno yale mazimamazima.

"Mama," alisema siku moja, akipaka mafuta makopo, "kwa nini tunawapa mikate watu wa vipaza sauti? Si bora tuwape wahitaji, moja kwa moja?"

Mama aliacha kukanda. Alilijua vizuri domo lililomtuma binti yake. Hata hivyo aliliwaza swali lenyewe wiki nzima, na Jumapili akamuuliza mchungaji.

"Fungu la kumi ni la kanisa, mama," mchungaji alisema. "Maskini tunawapa sadaka nyingine, juu ya hiyo."

"Sina mikate ya kutoa mara mbili, Mchungaji. Na pale nyumba ya wazee wanakula uji mtupu."

Mchungaji alikuna kidevu. Alisema kwamba wapo Wakristo wanaofikiri kama mama, ila yeye mwenyewe hafikiri hivyo, na kwamba mama aombe kisha aamue. Mama aliomba, akaamua. Mikate ingekwenda kwa wazee.

"Nawe ndiye utakayeipeleka," alimwambia Kasuku. "Hoja uliileta wewe."

Nyumba ya wazee ilikuwa mbali, nusu saa kwa miguu, tena njia ya kupanda. Jumamosi ya kwanza, kabla hata jasho halijamtoka, Kasuku aliwakumbuka wenzake waliokuwa wakimngoja kiwanjani wacheze mpira wa pete. Papo hapo gari la Baba Mkubwa likasimama kando yake.

"Unajitesa bure, mwanangu. Lete kikapu. Mimi nafika hukohuko na michango yangu."

Kasuku alitoa kikapu, akapewa soda ya baridi. Jumamosi iliyofuata hakujisumbua hata kuianza njia. Alikwenda moja kwa moja karakana, akatua mikate, akanywa soda, akakimbilia mpirani. Hakuuliza kama imefika. Aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa.

"Wazee wanasemaje?" mama aliuliza jioni.

"Wanashukuru sana, Mama." Kisha, kwa kuwa uongo mfupi haukumtosha, akautia chumvi. "Kuna babu mmoja hana hata jino moja. Anachovya mkate kwenye chai, anafumba macho, anakuombea."

Mama alijifuta macho kwa kiwiko chenye unga. Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi alimuulizia babu, na kila Jumamosi Kasuku alimwongezea babu jambo jipya. Mara anakohoa, mara amepona, mara amesema mkate unamkumbusha marehemu mkewe. Ilikuwa aibu tupu, na Kasuku aliijua, lakini babu alikuwa ameshakua mkubwa mno kufutwa.

Jumamosi ya tano mama alitoa tanurini mkate mmoja mdogo, laini, wa maziwa.

"Huu ni wa babu," alisema, akivua aproni. "Leo tunakwenda wote nikamsalimie."

Kasuku alisema mguu unamuuma, halafu kichwa, halafu kwamba Jumamosi wazee huwa wanalala. Mama alimtazama, akamkabidhi kikapu.

Mlangoni mwa nyumba ya wazee walipokewa na msimamizi, mwanamke mwembamba aliyeshika sufuria ya uji. Mama alimsalimu kwa furaha, akasema ndiye anayeleta mikate.

"Mikate gani, dada?" msimamizi aliuliza. "Hapa hatujaona mkate tangu mwaka uanze."

Mama hakumgeukia Kasuku. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama yupo babu asiye na meno.

"Wapo sita. Wewe unamtaka yupi?"

Mama alimpa msimamizi kikapu chote pamoja na ule mkate wa maziwa, akaomba radhi, akashika njia. Kasuku alimfuata huku akilia. Kabla hawajafika bondeni alikuwa ameshasema yote: gari, soda, mpira, na babu ambaye hakuwapo.

Mama alikwenda moja kwa moja karakana, akaikuta katika mapumziko ya chai. Mafundi wanne walikaa juu ya vyuma, kila mmoja na kipande cha mkate mkavu wa wiki iliyopita, na juu ya kila kipande zilionekana zile chale. Baba Mkubwa aliinuka na uso mkavu kabisa.

"Shemeji! Karibu! Usinitazame hivyo. Hawa nao si wahitaji?"

"Ni wahitaji," mama alisema, "kwa sababu huwalipi."

Fundi mmoja alipaliwa na chai. Baba Mkubwa alianza hotuba kuhusu kanisa na vipaza sauti, lakini mama alimkatiza.

"Shemeji, mzee wa kanisa hajawahi kunichekea hata siku moja, ila kila mkate niliompa ulifika. Wewe unamcheka, huku umeshiba haki ya wazee. Jumapili usije kwangu kula. Nunua, kama wengine."

Mafundi walitazama chini ili wasicheke mbele ya bosi.

Nyumbani mama alivuta gunia la unga hadi mbele ya Kasuku. Mikate thelathini na miwili ilikuwa imepotea, na Kasuku angeikanda yote kwa mikono yake, minane kila Jumamosi, juu ya ile ya kawaida, kisha aipandishe kilimani kwa miguu yake. Mpira ungengoja. Kasuku hakubisha. Alinawa mikono, akaanza kukanda, na unga ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani.

Baada ya muda aliuliza, bila kuinua macho, "Mama, kwani nani ana haki? Wewe au mchungaji? Mkate wa kumi ni wa kanisa au wa wazee?"

"Mchungaji ana maoni yake, nami nina yangu, na Mungu atatuamua," mama alijibu. "Lakini hilo ni swali la watu wanaotoa, mwanangu. Baba yako mkubwa ana hoja tamu, wala hajawahi kutoa. Wewe ulikuwa na hoja yake pamoja na mikate yangu, na hukutoa. Fikisha kwanza. Ukishafikisha, njoo tubishane."