Nadhira wa Ndani

Siku ya kwanza ilikuwa sahani tu. Nadhira alifika nyumbani Zinga kabla ya magharibi, akamkuta mama yake, Bi Sikuzani, anaosha vyombo. Alipoulizia chakula chake, mama alimshangaa, akamwambia si ameshakula, tena akaramba na vidole. Nadhira akadhani mama kachoka.

Kazi yake ilikuwa kupokea wageni kwenye hoteli moja ya Bagamoyo. Kule aliitwa Nadi, kichwa wazi, nywele zimelazwa kwa dawa, Kiingereza kikimtoka bila kukwama. Akishuka kituoni Zinga alijitanda ushungi, akafuta rangi ya mdomo, akaingia kwao kwa shikamoo. Kikwere cha mama alikielewa, ila kukisema hakuweza. Alikiacha shuleni kwa kuchekwa, na ulimi haukukirudia tena. Hotelini walimwona wa shamba, nyumbani wakamwona mzungu.

Wiki ile mama alichangamka. Alisema siku hizi binti yake anakaa naye jikoni, anamtwangia kisamvu, wanazungumza Kikwere mpaka mbavu zinauma.

"Umenirudia, mwanangu," alisema, akamshika shavu.

Nadhira alikosa moyo wa kumwambia kwamba saa hizo zote yeye alikuwa kazini.

Alhamisi akaruhusiwa mapema. Alipoingia uani alinusa tope la mikoko lililochanganyika na marashi yaliyochacha, akasikia kinu kikilia, na juu ya mlio wa kinu akasikia sauti yake mwenyewe, na kikwaruzo chake kilekile, ikisimulia kwa Kikwere kisafi huku mama akicheka, na alipochungulia dirishani akaona mgongo wake, kanga yake, mikono yake ikiinua mchi, na kile kitu hakikugeuka, kiliacha tu kutwanga, kikatulia kama kinachosubiri aondoke.

Alipomweleza mama baadaye, mama hakubisha. Aliagiza mganga Mwinyijuma aletwe kutoka Mkange.

Mganga alikuja alasiri. Alimsimamisha Nadhira uani, yule mwingine akamwacha chumbani, akafukiza ubani mlangoni, akamtaka mama aulize kwa Kikwere jambo ambalo mtoto wake tu analijua. Mama akauliza jina alilokuwa akimbembelezea utotoni. Nadhira alilijua. Lilimjaa kifuani, akafungua kinywa alitoe, na kwa hofu kikamtoka Kiingereza cha kazini, maneno yale ya kukaribisha wageni, moja baada ya jingine, asiweze kuyazuia. Chumbani sauti yake ikalitaja jina lile taratibu, kwa adabu.

Mganga alishusha chetezo.

"Mmoja ni jini, lazima aondoke," alimnong'oneza mama. "Lakini mimi sikuzaa. Nionyeshe wako."

Mama alimtazama Nadhira kuanzia nywele hadi kucha zilizopakwa rangi. Machozi yalimtiririka.

"Wangu yuko ndani."

Maji ya kombe ya kufukuzia jini yakampiga Nadhira usoni. Aliita mama, akaita tena. Akasikia komeo likishuka.

Sasa analala hotelini, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Sikukuu ya Idi alipiga simu ya mama, na ikapokelewa kwa sauti yake mwenyewe.

"Nani mwenzangu?"

Alitaka kutaja jina lake, likakataa kutoka. Kwa mbali alimsikia mama akiuliza ni nani huyo.

"Amekosea namba, mama," sauti ilijibu kwa upole, na simu ikakatwa.